Madam Ansaba na Neno Lililogeuka Tusi

Sogeeni, nyote mliokalia viti na mliokalia mikeka. Mnaomenya njugu tueni maganda, na mwenye simu aigeuze kifudifudi, kwa maana ninayo habari ya vita ambavyo hakuna serikali iliyoviandika, vita vya siku nne vilivyopiganwa katika mji wa Amisakrom, pwani ya Wafante nchini Ghana, baina ya mwanamke mmoja wa miaka sabini na mmoja na baraza zima la kanisa, kwa ajili ya neno moja tu la Kiingereza. Nawe wino mwekundu, uliyemwaga damu ya insha elfu kwa elfu na usihukumiwe hata siku moja, nipe ujasiri nisimulie bila kukosea herufi, kwani ninayemsimulia angali hai na husoma kila kitu.

Jina lake ni Madam Ansaba Bortsie, Ngome ya Sarufi, Mlinzi wa Lango la Kamusi, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minane katika sekondari ya mji ule na asiruhusu hata neno moja lipite mbele yake likiwa limevaa maana isiyo yake. Wauza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, walipomwona kwa mbali walinyamaza kwanza, wakapanga sentensi vichwani, ndipo wakamsalimu. Wachumba waliandikiana barua kwa Kifante, wakihofia kwamba barua ikianguka njiani yeye ndiye angeiokota na kuirudisha imesahihishwa.

Basi Jumatano moja asubuhi shujaa huyu alikuwa jikoni akimenya ndizi za kukaanga, na mjukuu wake Baaba, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alikuwa ameegemea mlango na simu mkononi, mabega yakimtikisika kwa kicheko anachokizuia.

"Kicheko cha kuficha huwa kinanihusu," alisema Madam Ansaba bila kugeuka.

"Nana, usikasirike. Ni kikundi cha kwaya tu. Wanatania."

"Nionyeshe."

"Nana, kweli, si kitu."

"Kama si kitu, hakitaniumiza."

Baaba akamkabidhi simu. Kwenye kioo palikuwa na picha ya bamba la shaba lililokuwa ukutani mwa kanisa lao, kushoto kwa mimbari, tangu mwaka 1899. Miaka mingi bamba hilo lilikaa jeusi kwa moshi na vumbi, lakini wiki hiyo kanisa lilikuwa likijiandaa kwa sherehe ya miaka mia na thelathini, na vijana wa kwaya, kwa bidii yao, walilisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa kama jua la adhuhuri. Na herufi zilipong'aa, zikasomeka. Bamba lilimsifu Jacob Kwamina Bortsie, katekista wa kwanza wa kanisa lile, baba wa babu yake Madam Ansaba, ambaye yeye humwita babu tu. Lilisema kwamba katika pwani yote hapakuwa na mhubiri aliyekuwa "pathetic" kama yeye.

Sasa neno hilo, kwa wasiolijua, siku hizi ni tusi. Hutupiwa golikipa aliyeachia mpira upite katikati ya miguu, au mwanamume aliyemposa msichana kwa ujumbe wa simu. Maana yake ni mtu wa hovyo, wa kudharauliwa na kuhurumiwa kwa pamoja. Chini ya picha mtu wa kwanza alikuwa ameandika, "Angalau wazee wetu walisema ukweli." Wa pili: "Sasa najua Madam amerithi wapi hasira." Wa tatu alikuwa ameweka sura ishirini za kucheka, akamaliza kwa kutangaza kwamba baraza la kanisa limeshaamua: bamba ling'olewe Jumamosi kabla wageni hawajafika, na mahali pake patundikwe saa ya ukutani.

Madam Ansaba akarudisha simu. Akanawa mikono polepole, kidole kwa kidole. Baaba alinisimulia baadaye kwamba angeona afadhali bibi yake angegomba.

"Wanajua neno hilo lilikuwa na maana gani wakati ule?" aliuliza Madam Ansaba.

"Lilikuwa na maana gani?"

"Lilimaanisha mtu anayegusa moyo. Mtu anayesema nawe unalia bila kutaka. Ilikuwa sifa, Baaba. Kubwa."

Akaketi, jambo asilolifanya kamwe wakati mafuta yako motoni. Alikumbuka alipokuwa na miaka minne, bibi yake akimbeba kiunoni kila Jumapili baada ya ibada na kukipitisha kidole chake juu ya herufi zile zilizochimbwa, moja baada ya moja, baridi na laini. Hivyo ndivyo alivyojifunza kusoma. Kabla ya shule, kabla ya kitabu chochote, alisoma jina la babu yake, kisha neno lile refu lililolifuata. Bibi yake, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabika kwa vidole, alilijua neno hilo moja na kulitamka kama mtu anayetaja cheo.

Siku ya pili ya vita, Alhamisi, shujaa alivaa deraya yake, yaani gauni la kitenge cha buluu na viatu vya ngozi vya kustaafia, akashika mwavuli kama mkuki, akauendea mji wa adui. Mji huo ulikuwa duka dogo la kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, na mtawala wake alikuwa Kow Eghan, katibu wa baraza la kanisa, mwanamume wa miaka hamsini mwenye kitambi cha heshima na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alipomwona mlangoni alisimama wima kabla hajajua kwamba amesimama.

"Madam, karibu sana. Keti hapa penye feni. Nikuletee maji?"

"Sijaja kunywa, Kow. Nimekuja kuuliza ni mahakama gani iliyomhukumu babu yangu bila kumsikiliza."

"Hakuna aliyemhukumu, Madam. Tatizo bamba lenyewe linaongea."

"Linaongea Kiingereza cha mwaka 1899."

"Na wageni wa Jumapili watalisikia kwa Kiingereza cha leo. Anakuja askofu. Wanakuja watu wa redio. Unataka wapige picha ukutani kwetu kwamba mwanzilishi wetu alikuwa mtu wa hovyo?"

"Alikuwa mtu wa kugusa mioyo. Neno limebadilika maana."

Hapo Kow Eghan akakaa chini taratibu, na usoni mwake pakapambazuka tabasamu la mtu aliyesubiri miaka thelathini na mitano kwenye kituo, hatimaye akaliona basi lake likikata kona.

"Limebadilika, Madam?"

"Ndiyo."

"Maneno hubadilika?"

Madam Ansaba akauhamishia mwavuli mkono wa pili.

"Mwaka tisini na moja," alisema Kow, "uliturudishia insha za 'Mtu Ninayempenda.' Mimi niliandika juu ya bibi yangu. Niliandika kwamba supu yake ya njugu ilikuwa 'awesome.' Nililisikia kwenye filamu, nikalipenda. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Neno hilo, kwa asili yake, lilikuwa la kumwogopa Mungu. Lilimaanisha kitu chenye utukufu wa kutetemesha magoti. Vijana walikuwa wameanza kulipaka juu ya kila kitu kitamu.

"Ulisimama mbele ya darasa," Kow akaendelea, na sasa tabasamu lilikuwa limeondoka, "ukasema: 'Kow Eghan anatuarifu kwamba supu ya bibi yake inatisha kama Mlima Sinai. Je, ilitoka na ngurumo?' Darasa likaanguka chini kwa kucheka. Ukanipa sifuri. Ukasema neno lina maana moja, na anayelibebesha nyingine ni mwizi. Tangu siku hiyo naitwa Sinai. Hata shemeji zangu wananiita Sinai, na hawajui kwa nini."

Feni ikazunguka. Mashine ya fotokopi ikatoa karatasi moja ya mwisho, ikanyamaza.

"Bibi alikuwa amefariki wiki mbili kabla," alisema Kow. "Ndiyo maana nilitafuta neno kubwa."

Kisha akajikusanya, akawa katibu tena. "Baraza linakutana kesho saa kumi alasiri. Njoo, Madam, tutakusikiliza. Leta ushahidi kwamba waliolichonga lile bamba walikuwa wanamsifu. Lakini usituambie kwamba maneno hubadilika. Hilo wewe huwezi kulisema."

Hivyo ndivyo Ngome ya Sarufi ilivyopata ufa wake wa kwanza, wala haukupigwa na adui. Ulipigwa na jiwe alilolirusha mwenyewe mwaka tisini na moja. Alirudi nyumbani kwa miguu, mwavuli umefungwa, jua likimchoma. Chakula cha jioni hakukigusa.

"Baaba," alisema hatimaye, "nyinyi wimbo mkiupenda sana, siku hizi mnauitaje?"

Baaba akasita, maana aliwahi kukaripiwa kwa hilo. "Tunasema ni 'sick,' yaani mgonjwa, Nana."

"Mgonjwa."

"Ndiyo. Ukiwa mzuri kabisa."

"Na mwenye kuusikia anaelewa kwamba unausifu?"

"Kila mtu anaelewa. Isipokuwa wewe."

Madam Ansaba akavuta sahani, akala samaki akiwa amepoa, akaenda kulala mapema kama wafanyavyo majemadari kabla ya mashambulizi.

Ijumaa, siku ya tatu, ndipo palipopiganwa Vita vya Kabati. Nyuma ya kanisa mna chumba cha kuvalia majoho, na ndani ya chumba hicho mna kabati la mbao nyeusi ambalo hakuna mkono wa binadamu uliolifungua tangu kanisa lilipopata umeme. Mlinzi wa funguo alikuwa Egya Sekyi, mtunzaji wa kanisa, mzee mwembamba asiyeamini haraka.

"Madam, kufuli hili lina kutu."

"Mimi pia nina kutu, Egya. Tia mafuta."

Akatia mafuta. Kufuli likakataa. Akatia tena, akalisemesha kwa upole, akaligonga kwa kisigino cha kiatu. Mara ya tatu kufuli likasalimu amri kwa mlio wa mfupa, milango ikafunguka, na jeshi la mende likatoka kwa safu, la kahawia, lenye masharubu, wakubwa mbele na wadogo nyuma, likapita juu ya viatu vya shujaa. Mashahidi (yaani Egya Sekyi, ambaye wakati huo alikuwa juu ya kiti) wanathibitisha kwamba hakurudi nyuma hata hatua moja. Aliupeperusha mwavuli kushoto, akaupeperusha kulia, akaingiza mkono gizani na kutoa vitabu vya kumbukumbu za vikao, kimoja baada ya kingine, vingine vimeliwa na mchwa mpaka vikabaki majalada tu, kama nyumba zilizohamwa.

Saa nne zilipita. Vumbi lilimgeuza nywele, jasho likamchora mistari usoni. Egya Sekyi alileta maji ya kunywa, akaondoka, akarudi na kipande cha kenkey, akaondoka.

"Madam, pumzika. Hata kama babu yako alikuwa wa hovyo, sisi tutakuheshimu vilevile," alisema kwa nia njema kabisa.

"Egya, rudi kwenye kiti chako."

Na ilipokaribia saa tisa, katika kitabu cha mwaka 1897 chenye mwandiko mwembamba wa kulalia upande mmoja, alikuta mistari minne. Aliisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaisoma tena. Kisha akacheka, kicheko kilichomfanya Egya Sekyi achungulie mlangoni kuona kama joto limemwingia kichwani.

Saa kumi alasiri baraza lilikuwa limeketi: watu saba kuizunguka meza, mwenyekiti wao Mchungaji Tandoh, na katikati sahani ya bofrot, maandazi ya mviringo, za moto ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa kabla ya sala. Shujaa aliingia akiwa na buibui wa kabati begani na kitabu kifuani. Alikataa kiti.

"Enyi viongozi," alisema, "nimekuja kumsemea mtu ambaye hawezi kusimama mwenyewe. Sikilizeni kumbukumbu ya kikao cha Machi tarehe tisa, mwaka 1897. 'Ilikubaliwa shukrani za dhati zipelekwe kwa Katekista Bortsie kwa mahubiri yake ya Jumapili, yaliyokuwa pathetic kuliko yote yaliyopata kusikika hapa, hata mzee wa zamu akashindwa kutangaza wimbo wa mwisho. Ilikubaliwa pia taulo mbili zinunuliwe kwa ajili ya benchi la mbele.'"

"Labda walilia kwa kuwa yalikuwa mabaya," alisema mama mmoja wa kikundi cha wanawake, mtu wa kupenda uhakika.

"Mahubiri yakiwa mabaya watu hulala, mama. Hawanunuliwi taulo."

Mchungaji Tandoh akakohoa kwenye kiganja. Watu wawili wakainama kuziangalia bofrot. Kow Eghan pekee hakucheka. Alikuwa amelaza kalamu na kumtazama mwalimu wake, akingoja.

Madam Ansaba akafunga kitabu. Ujue, msikilizaji, kwamba mpaka hapo angeweza kushinda na kwenda zake, kwa sababu ushahidi ulitosha. Mpaka leo huwa nawaza kwa nini hakuondoka.

"Kuna jambo jingine," alisema, na sauti yake ikashuka kutoka jukwaani. "Kila Jumapili mnamshika mchungaji mkono mkimwambia mahubiri yalikuwa 'nice.' Miaka mia saba iliyopita, kwa neno hilo mngekuwa mmemwita mjinga. Mimi nililijua hilo nilipokuwa chuoni. Nikalijua, nikalikalia, nikaenda darasani kuwaadhibu watoto wa watu kwa kosa la kuzaliwa baada ya kamusi. Nilidhani nalilinda lango. Kumbe mji wenyewe ulikuwa umeshahama, na mimi nimebaki na lango."

Akageuka. "Kow. Mwaka tisini na moja uliandika neno. Ulichukua neno la kumwogopa Mungu ukamvika bibi yako, kwa kuwa hukuwa na jingine lililomtosha. Hivyo ndivyo maneno yanavyokua. Yanakuzwa na watu walio na jambo kubwa na hawana neno la kulisemea. Mimi sikukuuliza kwa nini umelichagua. Nililifanya darasa likucheke. Nilikosea."

Hakuna mtu wa Amisakrom aliyewahi kulisikia neno hilo la mwisho likitoka kinywani mwake. Mama wa kikundi cha wanawake alishika meza.

Madam Ansaba akafungua mkoba, akatoa kalamu yake nyekundu na kipande cha karatasi, akaandika akiwa amesimama, akamsukumia katibu. Kow akasoma kwa sauti, polepole: "'Kow Eghan. Insha: Mtu Ninayempenda. Awesome: sahihi. Maksi imeongezwa.'" Akainua macho. Yalikuwa yameloa. "Maksi ngapi, Madam?"

"Saba."

"Kati ya kumi?"

"Kati ya ishirini. Tahajia yako ilikuwa mbaya sana."

Ndipo Kow Eghan alipocheka, kicheko cha kijana wa miaka kumi na tano, na baraza zima likacheka naye, na Mchungaji Tandoh akaona salama kuanza sala ya chakula. Kabla sahani haijamalizika likapitishwa azimio, bila wa kupinga: bamba libaki mahali pake, na chini yake liwekwe bamba dogo la kueleza kwamba neno lile, siku lilipochongwa, lilimaanisha mhubiri anayeliza watu. Saa ya ukutani ikapelekwa chumba cha majoho.

Siku ya nne, Jumamosi saa tatu asubuhi, ndiyo siku ya ushindi. Bamba dogo lilikuwa limechongwa kwa fundi wa mihuri, urefu wake kiganja kimoja, upana wake vidole vitatu. Jeshi lililokusanyika kulipokea lilikuwa na watu wanne: Baaba akiwa na simu, Kow akiwa amevaa koti la Jumapili siku moja mapema, Egya Sekyi akiwa na bisibisi, na Madam Ansaba mikono mitupu. Skrubu ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili iliingia vizuri. Ya tatu ilianguka, ikaviringika chini ya benchi la mbele, na katibu wa baraza la kanisa, koti na yote, akalala kifudifudi sakafuni kuitafuta, akaipata. Kwa ya nne, Egya Sekyi alimpa bisibisi mwenye vita vyake, Madam Ansaba. Akaizungusha mara kumi na moja. Ikakaza.

"Sasa hakuna atakayecheka tena, Nana," alisema Baaba.

"Watacheka. Kisha watasoma chini, waache." Akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama lile dogo akiwa ameinamisha kichwa, jicho moja limefumba, kama alivyoitazama kazi ya mwanafunzi yeyote. Kisha akampigia Egya Sekyi ishara kuhusu ubao mpya wa nambari za nyimbo uliokuwa ukisubiri kutundikwa karibu.

"Huo usiuweke hapa chini, Egya. Upeleke upande ule. Hapa paache wazi, kiasi cha kiganja."

"Pawe wazi kwa ajili gani, Madam?"

"Kwa ajili ya bamba la tatu. Haya maneno tuliyoyaandika sisi jana, sijui wajukuu wa Baaba watayasikiaje."

Egya Sekyi, asiyeamini haraka, aliutazama ukuta, akamtazama mwalimu, akachukua chaki na kupiga mstari mwembamba chini ya shaba, kuonyesha mpaka wa nafasi iliyoachwa. Na iandikwe basi, isomwe na kila ajaye: kwamba asubuhi hiyo, pwani ya Wafante, hakuna mfalme aliyeanguka wala mji uliotekwa, ila neno moja lilirudishiwa heshima yake, mtu mmoja alirudishiwa maksi saba, na Mlinzi wa Lango la Kamusi aliliacha lango wazi kwa upana wa kiganja kimoja, akaenda nyumbani kukaanga ndizi.